Panga Lililoponyoka

Rehani alishika ukuta wa baraza la hakimu asianguke. Mtu aliyezoea kupanda juu ya mzigo wa mkonge, lori likiwa mbioni, leo sakafu inamtisha! Mbele yake nyapara wa shamba, Mwinyimvua, mguu umefungwa bendeji, alikuwa akimaliza ushahidi.

"Nilisimama kando ya njia, bwana hakimu. Lori likaja, mara panga hilo, lanijia mbio, likanichana mguu. Kisa nilikataa kutia alama kipande cha Rehani, kadi yake ya siku za kazi."

"Wee Rehani, ulimrushia?"

"La, bwana. Wallahi liliniponyoka. Likashuka wima, ubavuni mwa lori."

Mikidadi, mpakiaji mwenzake aliyeketi naye juu ya mzigo, akaapa vivyo hivyo.

Hakimu akakunja uso. "Huyu lilimjia mbele, nyie mwasema lilishuka wima. Panga moja njia mbili? Nani mwongo?"

"Hakuna mwongo, bwana," Mikidadi akasema. "Lori likienda, na panga lilikuwa likienda nalo. Kuponyoka hakukulisimamisha. Sisi tuliokuwa safarini pamoja nalo tuliliona linashuka tu. Aliyesimama chini aliliona linamjia."

"Kumbe panga nalo abiria!" hakimu akadhihaki.

Baraza zima likaangua kicheko. Rehani akageuka nyuma. Mlangoni mkewe Mina, na mimba yake pevu, alikuwa ameuma ncha ya kanga.

"Ardhi haitembei," hakimu akasema. "Aliyesimama juu yake ndiye mwenye macho. Miezi sita."

Basi, imekwisha. Mnyonge hana haki, waliosema hawakukosea. Mtoto atazaliwa, na wa kumwadhinia sikioni yuko jela.

Mchana wakampakia lori la serikali, pingu mikononi. Askari aliketi naye nyuma akinywa dafu. Alipolimaliza, lori likiwa mbioni, akanyoosha mkono nje, akaliachia. Kando ya njia mama muuza mihogo akapiga yowe, ungo wake umepinduka.

"Ala! Askari, wanitupia dafu mie? Nimekukosea nini?"

Lori halikusimama. Askari akamgeukia Rehani, macho yamemtoka.

"Sikumtupia! Si umeona? Nimeliachia tu, likashuka hapa, chini ya mkono wangu!"

Rehani aliogopa kofi, aliogopa miezi kuongezwa. Hata hivyo akasema:

"Nimeona, bwana askari. Nitakuwa shahidi wako."

Askari akacheka, akajifuta mdomo.

"Shahidi wa nini, wewe? Mimi nani atanipeleka barazani?"