Jina kwenye Karatasi Zote Mbili

"Kadi yako ya kampeni baki nayo, binti. Leo mimi ni mtu wa chama chenu."

Mzee Wargo alisema hivyo huku akivua kofia, kana kwamba anaingia kanisani. Mvua ya Mei ilichuruzika kwenye paa la ukumbi wa zimamoto, na harufu ya pierogi, sambusa laini za viazi zilizokaangwa kwa siagi na vitunguu, iliwafuata wapiga kura hadi barabarani. Marlene Yurkanin, dereva wa basi la shule, alikuwa amesimama nyuma ya utepe ambao wagombea hawaruhusiwi kuuvuka. Aligombea uhakimu wa wilaya yao ndogo, kiti kisichodai mtu awe wakili, cha kusikiliza kesi za kodi ya pango, mbwa wakali na ugomvi wa mipaka ya ua. Leo ulikuwa mchujo, ambamo kila mtu hupiga kura ndani ya chama alichojisajili tu; akishindwa katika vyama vyote viwili, safari imekwisha. Akishinda hata kimoja, atafika uchaguzi wa Novemba.

"Chama chetu? Wewe?" Marlene alicheka. "Si wewe uliyekataa keki ya harusi yangu kwa sababu mwenyekiti wetu ndiye aliyeikata?"

"Keki yenyewe ilikuwa kavu." Mzee akakunja kofia. "Nimebadili usajili wa chama ili nikupigie. Shemeji yangu Clete anagombea udiwani kule kwetu Republican, sasa siwezi kumpigia. Hanisemeshi. Nikamwambia, Clete, mwaka ule binti yangu alipotuachia mtoto, huyu dada alikuwa anamsubiri mjukuu wangu afunge viatu, basi linanguruma, honi hapigi. Angepiga honi, mtaa mzima ungejua nimeshindwa kulea."

Katika jimbo lao, mgombea uhakimu huandikisha jina lake katika vyama vyote viwili. Mji mzima ulijua, isipokuwa mzee huyu, ambaye maisha yake yote hakuwahi hata kuitupia jicho karatasi ya upande wa pili.

Angeweza kunyamaza. Siku ya kubadili usajili ilikuwa imeshapita, na kumwambia kungemletea uchungu tu, pengine na hasira ya kumnyima kura. Pembeni, mpinzani wake, wakili Kessock, alikuwa amesikia yote. Akatazama viatu vyake chini ya mwavuli.

"Mzee, kabla hujaingia. Jina langu liko kwenye karatasi zote mbili. Ungebaki kwenu, ungenipigia mimi, na Clete pia."

"Zote mbili?"

"Zote. Sikujua unabadili. Nisamehe."

Mzee Wargo akakodoa macho, akamgeukia Kessock. "Basi bora nimpigie huyu. Angalau ana mwavuli."

"Karibu sana, mzee," Kessock akasema, akikaza midomo asicheke.

Mzee akaingia bila kuaga.

Milango ilipofungwa, mbingu bado zilikuwa na mwanga. Baada ya nusu saa vituo vingine vilikuwa vimekwisha kutangaza: upande wa Republican Marlene alikuwa ameshindwa vibaya na Kessock, na upande wa Democratic walikuwa sako kwa bako. Msimamizi akabandika matokeo ya ukumbi kwenye kioo. Miwani ya Marlene ilikuwa imejaa matone, kwa hiyo Kessock ndiye aliyesoma, kidole chake kikishuka polepole.

"Democratic umenishinda," akasema. "Kwa watu wa kujaza meza moja tu. Lakini umenishinda. Tutaonana Novemba, mama." Akampa mkono, kisha akausogeza mwavuli upande wake.

Marlene alitaka kumshukuru kila mtu, na hakujua aanze na nani. Alipoingia ndani, mzee Wargo alikuwa ameketi mbele ya sahani mbili. Nyuma yake, kwenye meza ya jirani, Clete alikuwa amempa mgongo.

Mzee akasukuma kiti kwa mguu. "Kaa. Zingali moto."

"Mzee, leo ulim—"

"Kula."

Akala. Siagi ikamchuruzika hadi kifundo cha mkono. Clete, bila kugeuka, akapitisha mkono nyuma ya kiti chake, kiganja wazi. Mzee Wargo akaukazia macho mkono ule kitambo. Kisha akachagua pierogi iliyonona kuliko zote, akaipuliza ipoe, akamwekea kiganjani.