Nina Jambo

Wageni walikuja kumwona mzazi, wakamwona mtoto. Mzazi mwenyewe, wifi yangu, alikuwa kajikunja kitandani, uso ukutani, maziwa yamemkaukia kwenye gauni hadi yananuka uchachu. Wageni wako sebuleni wanapokezana kichanga na kubishania pua ya nani. Kisha mmoja anachungulia chumbani: "Pole na uzazi." Wifi anajibu, "Nimeshapoa." Basi, wajibu umekwisha, wanarudi kwenye chai. Jamani, niliona kinyaa.

Aliyenimaliza ni mama yangu. "Huyo anadeka," alisema, mkate umejaa shavuni. "Mimi nimewazaa wote nyie, kesho yake nafua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu haujui. Ijumaa naondoka na mjukuu wangu."

Kaka yangu, baba mtoto, akainamia simu. Mwanamume mzima! Naye nilimwonea kinyaa.

Nilipoingia kubadilisha shuka, wifi alinishika mkono. "Mtoto akilia namsikia kama yuko kwa jirani," aliniambia. "Mama akimchukua, wifi, mimi nabaki kufanya nini duniani?" Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha.

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Nikafunga kibanda changu cha kushona, nikawafuata. Mama kabeba mtoto, wifi anajikokota nyuma kama msindikizaji. Nesi akampima mtoto uzito, kisha akauliza huku macho yakiwa kwenye karatasi, "Mama hujambo?"

"Sijambo."

Lugha yetu hii nayo. Swali linakuja limeshabeba jibu lake. Unaulizwa hujambo, unajibu sijambo, halafu unakwenda kufa kwa adabu.

Nesi akaweka tiki. "Anayefuata."

"Muulize tena," nikasema.

"Si kasema hajambo?"

"Hiyo ni salamu, dada. Mtazame, halafu umuulize."

Mama akanifinya. "Usitutie aibu mbele za watu." Nilitaka kumwambia kwamba aibu ndiyo imembeba mtoto. Nikameza, maana mama ni mama.

Nesi akainua uso kwa mara ya kwanza. Aliitazama midomo iliyopasuka, na gauni lile lile la juzi. Akaweka kalamu chini. "Mama, hujambo?"

Wifi akafungua mdomo. Niliiona ile "si" imeshafika kwenye meno. Akaimeza.

"Nina jambo," akasema.

Mama yangu akacheka. "Kiswahili gani hicho?"

Nesi hakucheka. Alimtoa mtoto mikononi mwa mama, akampakatisha wifi, akawaingiza chumba cha ndani na kufunga mlango.

Tukabaki kwenye benchi, mama na mimi. Mikono yake ilikuwa mitupu, hajui aiweke wapi. Nyuma ya ukuta tulimsikia wifi, sasa analia.

"Na Ijumaa?" mama akaniuliza.

Nikasogea mwisho wa benchi, asiniguse.