Sauti Kwenye Kibanda cha Viungo

Tangu utotoni binti huyo alikuwa mtu wa kumeza maneno. Hata chuoni, alikosomea lishe, mwalimu akimwuliza jambo alijibu kwa kunong'ona. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumfungua kinywa: mama mdogo aliyemlea, muuza viungo vya kusaga sokoni. Mbele yake alikuwa chiriku.

Basi wifi yake mjamzito alipoambiwa kliniki kwamba damu imepungua sana na huenda akalazwa, binti alimwuliza kama anameza vidonge vya kuongeza damu. Wifi akamshangaa. Alikwisha kuviacha, vilikuwa vikimtia kichefuchefu.

"Si wewe mwenyewe uliyesema jira inatosha? Nimekusikia kwa masikio yangu, kibandani kwa mama mdogo."

Binti akaenda sokoni. Kabla hajafika aliisikia sauti nyembamba, yenye haya, ikitoka kwenye spika juu ya magunia: gramu mia za jira ya kusaga zina madini ya chuma mengi kuliko hata maini. Kimya kidogo, kisha inaanza upya.

Ilikuwa sauti yake. Akakumbuka walivyokaa jikoni wakipepeta mbegu, simu ya mama mdogo imelala kando ya chekecheke. Kweli aliyasema. Ila aliendelea kueleza kwamba hakuna mtu anayekula gramu mia. Kijiko kimoja huenea sufuria nzima, na kinachomfikia mlaji mmoja ni chembe tu, hakishiki nafasi ya dawa ya mjamzito. Hayo yote yalikuwa yamekatwa.

Mama mdogo hakutahayari. Alimfutia kigoda, akamwambia kwamba siku hizi wateja wanamwita yeye, mwenye sauti hiyo, profesa.

"Ulinirekodi, mama?"

"Ningekuomba ungekubali, na haya zako hizo? Tena sijaongeza uongo hata neno moja. Nimepunguza tu. Hotuba yako ilikuwa ndefu kama treni."

"Wifi ameacha vidonge."

Mkono wa mama mdogo ulisimama ndani ya kopo. Kisha mteja akasogea, akauliza ile jira ya damu iko wapi, na mkono ukaanza kuchota.

Hapo ndipo binti alipochomoa waya wa spika. Akamweleza mteja yale yaliyokatwa, mpaka mteja akaondoka mikono mitupu. Mama mdogo alifunika kopo taratibu. Alisema, bila kumtazama, kwamba shukrani ya punda ni mateke.

Jioni binti alimpelekea wifi vidonge, akamshauri avimeze baada ya kula ili visimsumbue tumbo. Wifi alivigeuzageuza kiganjani, akaviweka mezani.

"Ngoja kwanza nimwulize muuguzi," akasema.