Zamu ya Kuumwa

Sikudhani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuugua korona katika ukoo wa mumewe, kule Mlandizi, akapona bila hata kufika hospitali. Tangu hapo wakwe zake wakaona kwamba yeye hadhuriki tena. Baba mdogo wa mumewe alipougua kule Gwata, akaitwa Sikudhani amuuguze. Mzee alipofariki, hata shuka zake alifua yeye. Hajapumzika vizuri, mumewe, Hussen, akamwambia kwamba mama yake, Bi Maua, naye amebanwa kifua huko Msimbu.

Akaenda. Majirani walikuwa wakimwachia maji na kuni nje ya mlango na kuondoka upesi. Yeye ndiye aliyemgeuza mgonjwa, akamfukiza, akamlisha uji kidogo kidogo. Ikafika mahali akawa anasinzia amesimama, kichwa kimeegemea ukuta.

Mtu pekee aliyethubutu kuingia ni shemeji yake Isihaka, mdogo wa Hussen, mkulima wa mihogo. Lakini Isihaka alikuwa na lake. Alikuwa amesikia kwenye simu kwamba watu wengi wakishaambukizwa, ugonjwa hukosa pa kwenda, ukaisha wenyewe. Akataka augue kwa kupenda, mapema, kabla ya mvua. Akishapona, wapokezane kumuuguza mama.

"Ugonjwa huu hauna adabu hiyo, shemeji," Sikudhani alimwambia. "Baba mdogo alikuwa na nguvu kuliko wewe."

"Mbona wewe umepona?"

Sikudhani alimtoa nje, akafunga mlango.

Kesho yake mchana, akirudi na beseni la nguo, alimkuta Isihaka ameketi kitandani kwa mama yake, barakoa ameishusha kidevuni, anamalizia uji wa mgonjwa kwa kijiko kile kile. Bi Maua alikuwa amelala, hana habari. Isihaka akamtazama shemeji yake kama anayengoja kukatazwa. Sikudhani angeweza kumnyang'anya bakuli. Akawaza usingizi, siku moja tu ya usingizi. Akageuka, akaenda kuanika shuka.

Haukupita muda Isihaka akaangushwa na homa, wagonjwa wakawa wawili. Bi Maua alianza kuketi na kuomba chai; mwanawe ndiye akawa hawezi kuongea bila kuhema. Mama alipouliza kaupatia wapi, Sikudhani alisema hajui. Isihaka naye akageukia ukutani.

Alipona, kama huko ni kupona. Mvua ziliponyesha alipiga jembe mara chache tu, akaketi chini shambani, mkono kifuani. Hata hivyo alitimiza ahadi yake. Asubuhi moja alimwambia shemeji yake akalale, mama atamwangalia yeye.

Sikudhani alilala mpaka alasiri. Alipoamka, mwili ulikuwa wa moto na viungo vinauma, na chai aliyoletewa haikuwa na ladha wala harufu. Alikuwa anaijua hali hiyo.

Hussen alikuja kutoka Mlandizi, akasimama mlangoni.

"Si ulishaugua wewe?"

"Nimeugua tena. Ingia, Hussen, au niachie maji hapo uende."

Hussen aliangalia njia aliyojia. Kisha akavua viatu, akavaa barakoa yake, akauliza kuni zinawekwa wapi.