Hapaumi

Kidole gumba cha daktari kilinikandamiza begani mpaka ukucha wake ukawa mweupe, nami nikamjibu kwamba hapaumi.

Uongo mtupu. Maumivu yalinipanda hadi masikioni. Lakini pembeni alikaa shangazi Brigita, na mbele ya shangazi sijui kulia. Ndiye aliyenifunda nilipowekwa ndani nikiwa mwali kule Mahenge, miaka kumi na sita iliyopita. Alikuwa akinifinya mapaja, na nikikunja uso anaanza upya. Mwanamke halii ovyo, alisema. Nikafuzu kuliko wenzangu wote.

Sasa mwaka wa pili mwili mzima unauma, kidonda hakuna, uvimbe hakuna, usingizi siupati. Shambani Lumemo nikianza kupalilia mpunga alfajiri, saa mbili nimeshakaa tutani, na majirani wakaniita mvivu. Hospitali wakapima: picha safi, damu safi. Mume wangu Melkiori akachoka, akawatumia wazee wetu ujumbe: hospitali isipoona ugonjwa na safari hii, nirudi kwetu, watoto wabaki. Ndiyo maana ukoo ulimtuma shangazi aje alisikie jibu mwenyewe.

Shingoni, hapaumi. Kiwiko, hapaumi. Goti nalo hivyo hivyo. Daktari alinieleza kwa upole kwamba ugonjwa anaoutafuta hauonekani kwenye picha wala damu, anautegemea mdomo wangu. Nikatikisa kichwa tena kukataa. Kichaa gani kile, jamani! Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi ningeumbuliwa na mume kabla ya kifo. Nilijua, nikachezesha miguu pale kitandani, na ulimi haukunitii. Daktari akachukua kalamu.

“Usiandike, mwanangu,” shangazi akamwambia. “Huyu nilimfunda mimi. Akisema hapaumi, ujue ndipo panapouma.”

Kisha akanigeukia. “Sema, Yosefina. Nimekuruhusu.”

Daktari akaanza upya kisogoni. Panauma, nikasema, kwa sauti ndogo. Begani, panauma. Kifuani, nyonga, goti. Alipofika sehemu ya kumi na moja nilikuwa nalia waziwazi, kamasi zinanitoka, na aibu sina.

Aliandika jina refu la ugonjwa, akampa shangazi karatasi ya kumpelekea Melkiori. Shangazi aliikunja mara nne akaifunga kwenye pindo la kitenge. Hakuinuka.

“Na kule ndani,” akaniuliza, macho yake sakafuni, “paliuma?”

Nilimjibu kwamba paliuma.