Chaneli Ambayo Hakuna Aliyeitaja

Tusizunguke mbuyu: siku ile mjinga alikuwa fundi cherehani mwenyewe. Alirudi nyumbani kifua mbele, akachomoa king'amuzi na kukitupa juu ya kabati.

"Chaneli mia na ushee, tunatazama tatu!" akamwambia mkewe. "Mteja akitaka shati, namuuzia jora zima la kitambaa? Kila mtu ataje anachotaka, tulipie hicho tu, kwenye simu."

Mkewe, msusi, akataja tamthilia zake. Mama mkwe akataja taarifa ya habari. Fundi akataja mpira. Wote wakapata.

Mwezi haujaisha, fundi akaona mpira una malipo yake, tamthilia zake, habari zake, na intaneti inatafuna kotekote. Kumbe shati, mfuko na kifungo, ukivinunua kimoja kimoja, vinapita bei ya jora! Hilo alilimeza.

Lililomshinda kumeza ni kochi lililobaki na mtu mmoja. Mkewe yuko chumbani, hedifoni masikioni. Mama mkwe yuko jikoni na habari zake. Fundi anashangilia bao peke yake kama kichaa.

Zamani, wakishakula, walibonyeza rimoti hadi kwenye mchezo wa kuigiza wa kigeni, lugha yenyewe hakuna aliyeijua hata salamu. Fundi alimsemea mzee wa kitambi kwa maneno ya kubuni, mkewe akamsemea bibi wa kofia, na mama mkwe akacheka hadi anashika mbavu. Siku ya kutaja, hakuna aliyeitaja chaneli ile. Nani angejua kwamba wanaitazama?

Jumamosi jioni akakishusha king'amuzi, akalipia kifurushi, akaitafuta. Kitambi kilikuwepo, kinagombana na kofia.

"Mke wangu," fundi akanguruma kwa sauti ya kitambi, "nani kaficha sufuria yangu?"

Mara mlango wa chumbani ukafunguka, hedifoni zikining'inia shingoni. Mama mkwe naye akachungulia kutoka jikoni.

"Ehee! Jora limerudi?" mkewe akauliza.

"Bei tu, mke wangu. Nimepiga hesabu, kifurushi ni nafuu. Usidhani kuna mtu nilimkumbuka."

Mkewe akajitupa kochini, bega kwa bega naye. Kwenye runinga, bibi wa kofia akanyoosha kidole, na msusi akamsemea:

"Mwongo mkubwa wewe! Timu yako inacheza saa hizi, na ulishailipia."