Kidoti Chini ya Jicho

Shadia alikuwa fundi wa kurudishia picha za zamani uhai, na kazi hiyo aliifanyia sebuleni kwake, Kichangani. Asubuhi hiyo alipokea wageni kutoka Mkuyuni: Mzee Severin na binti yake, Upendo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuletea mama yake huyu."

Akatoa picha ndogo iliyofungwa kwenye leso. Hosiana, mkewe, alifariki Upendo akiwa bado ananyonya, na picha yake iliyosalia ilikuwa hiyo moja. Sasa Upendo alikuwa anaolewa, akataka mama yake naye aonekane ukumbini.

Shadia aliipiga skani, akaikuza kwenye skrini ya kompyuta. Mzee Severin akasogea mbele.

"Pale! Chini ya jicho. Kile kidoti chake."

"Baba, huo uchafu," alisema Upendo. "Tazama, madoa yamejaa uso mzima. Shangazi mwenyewe alisema mama hakuwa na alama yoyote."

"Shangazi yako alilala naye kitanda kimoja?"

Shadia aliisogeza picha kidogo kwenye skrini. Madoa mengine yalitembea nayo, mengine yakabaki palepale: hayo yalikuwa vumbi la skrini yenyewe. Jirani alikuwa anajenga, na vumbi la saruji lilikuwa likiingia dirishani wiki nzima. Aliona haya kidogo, lakini si sana.

Upendo hakungoja. Alilowesha ncha ya khanga kwa mate, akanyoosha mkono kuifuta skrini. Shadia akaudaka hewani.

"Hapana, mdogo wangu. Vumbi hili lina mchanga. Ukisugua, unakwaruza."

"Basi weka spiriti," alisema mzee. "Redio yangu naifuta kwa spiriti."

"Redio sawa, baba. Skrini hii si kama kioo cha dirisha. Juu ina utando mwembamba, spiriti inaweza kuuharibu. Nipeni nafasi kidogo."

Alizima kompyuta na skrini, akachomoa waya ukutani. Skrini ilipokuwa nyeusi, vumbi lote likajitokeza, hata Upendo akaguna. Shadia akangoja ipoe. Kisha akachukua kitambaa laini kama cha kufutia miwani, kikavu, akalipangusa vumbi kuanzia juu kushuka chini, mkono mwepesi kama anayempangusa mtoto aliyelala. Palipobaki alama za vidole, alidondosha maji safi kidogo kwenye kona ya kitambaa, akakikamua.

"Kwa nini usinyunyize pale pale?" aliuliza Upendo.

"Yatateremka mpaka ukingoni, yaingie ndani. Hapo nitakuwa nimeiua kwa mkono wangu."

Alifuta bila kukandamiza, akakausha kwa kitambaa kingine, akaiacha ikauke kabisa wakati wanakunywa chai. Mzee Severin alishika kikombe bila kukinywea.

Shadia alipowasha, uso wa Hosiana ulitokea ukiwa safi kuliko mwanzo. Yalibaki mabaka machache ya rangi ya kahawia, na nukta moja nyeusi chini ya jicho la kushoto.

"Haya ya kahawia ni kuvu wa karatasi," alisema Shadia. "Kingo zake zimetawanyika. Nitayaondoa. Lakini hii nyeusi ni ya mwilini. Tazameni, mwanga umeangukia juu yake, na upande wa pili kuna kivuli kidogo. Uchafu hauwi hivyo. Baba alikuwa sahihi."

Mzee Severin hakushangilia. Alivua kofia, akaiweka magotini.

"Alikuwa akikificha kwa poda Jumapili," alisema. "Ndiyo maana dada yangu hakukiona. Mimi nilikuwa namwambia akiache."

Upendo alivuta kiti mpaka karibu na skrini, akamtazama mama yake kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo wewe ulimpenda nacho," alisema. "Dada Shadia, usikiguse. Picha iwe kubwa, kila mtu akione."

Shadia akaanza kuondoa kuvu, baka moja baada ya jingine. Nyuma yake, Upendo alikuwa anamuuliza baba yake kama mama alikuwa anacheka kwa sauti, na mzee akaanza kusimulia.